Mtoro Aliye Mlangoni

Somo: Kumb. 20:1-9, Kumb. 23:15-16, Waraka kwa Filemoni



Lugha yetu ina neno mtoro. Siku hizi twalitumia zaidi kwa mtoto anayetoka shuleni kisirisiri kwenda kuzurura Darajani. Lakini wazee wetu walilitumia kwa watu wa namna mbili: mtumwa aliyemkimbia bwana wake, na askari au mpagazi aliyekimbia jeshi. Neno moja, watu wawili.

Habari za yule wa kwanza twazijua vema. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na Krismasi ya mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Wageni huja kila siku kutazama, nasi huwaeleza kwa fahari. Lakini yule mtoro wa pili tumemsahau, na mwezi huu twataka kujifunza habari zake.

Katika Vita Kuu ya 1914-1918 Waingereza na Wajerumani walipigana katika nchi ya bara ya jirani zetu. Njia za magari zilikuwa haba, mbung'o wakaua wanyama wa kubeba, basi mizigo ikawekwa vichwani mwa watu. Upande wa Waingereza peke yake walichukuliwa wapagazi karibu milioni moja. Kwa hesabu ya serikali yenyewe walikufa zaidi ya 90,000, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara, homa na njaa. Jina la Kariakoo kule Dar es Salaam ni kumbukumbu yao, maana limetokana na jina la Kiingereza la kikosi chao. Huko Kenya sheria ya mwaka 1915 iliruhusu kuwachukua watu kwa nguvu, na mwaka 1917 wakakusanywa kwa wingi, kijiji kwa kijiji.

Wengi walitoroka. Wengine waliingia porini walipoona tarishi anakuja, wengine waliacha mzigo njiani usiku. Waliokamatwa waliadhibiwa. Je, walikuwa waoga? Mtu asiyeulizwa kama ataka vita, asiyejua sababu yake, ambaye pande zote mbili zinazopigana si za kwao, akikataa kufa chini ya sanduku la risasi, sisi hatuthubutu kumwita mwoga.

Hapa lazima tuseme jambo linalotuhusu sisi wenyewe. Mwaka 1916 Askofu wetu Frank Weston alikusanya kikosi cha wapagazi wa Unguja, akakiongoza mwenyewe bara, akapewa cheo cha meja. Twampenda Askofu Weston, na wapo wazee waliosimuliwa na baba zao jinsi alivyokuwa akitembea. Mpagazi aliyekuwa na askofu wake njiani bila shaka alikuwa na afadhali kuliko yule aliyekuwa na mnyapara tu. Hata hivyo, vita ilipata mabega zaidi kwa msaada wa kanisa letu. Mwaka 1920 Askofu huyo huyo aliandika kwa ukali kuipinga kazi ya kulazimishwa katika Kenya, akiwaita waliolazimishwa watumwa wa Uingereza. Twadhani aliyoyaona njiani yalimfundisha. Lakini maandishi yalikuja baada ya vita, na aliyetaka kukataa mwaka 1916 hakuwa na mlango wa kubisha.

Na tazameni ajabu hii. Mwaka ule ule wa 1916, Uingereza kwenyewe, sheria iliyowalazimisha vijana kuingia jeshini iliruhusu mtu kwenda mbele ya baraza na kusema, "Dhamiri yangu hainiruhusu." Walioikataa vita hivyo walikuwa kama 16,000. Wengi walitendewa vibaya, wengine walifungwa, na 35 walihukumiwa kufa huko Ufaransa kabla ya hukumu kugeuzwa kifungo. Walakini waliulizwa. Mpagazi wetu hakuulizwa. Dhamiri yake ilisema kwa miguu.

Sasa tufungue Maandiko. Katika Kumbukumbu la Torati 20, kabla ya vita, wakuu waliamriwa kuwarudisha nyumbani aliyejenga nyumba mpya, aliyepanda shamba, aliyeposa, na hata mwenye hofu moyoni. Mwenye hofu hakupigwa. Aliambiwa aende kwao. Sura ya 23 yakataza kumrudisha mtumwa mtoro kwa bwana wake. Paulo naye alimrudisha Onesimo, lakini kwa barua ya kumtaka Filemoni ampokee kama ndugu, wala si kwa pingu. Tusome yote mawili bila kuficha moja. Twakumbuka pia Maximilian, kijana Mwafrika wa Numidia, mwana wa askari, aliyeuawa mwaka 295 kwa kukataa kuandikishwa jeshini. Na maaskofu wa Kianglikana ulimwenguni, walipokutana Lambeth mwaka 1968, walisema ni wajibu wa Kanisa kuitetea na kuieneza haki ya kukataa vita kwa ajili ya dhamiri.

Hatusemi haya kuwadharau askari. Wapo kati yetu waliokwenda Kagera mwaka 1978, nasi twawaheshimu.

Lakini mtoro yu hai hata leo. Huko Eritrea vijana watatu, Mashahidi wa Yehova, walitiwa ndani mwaka 1994 kwa kukataa jeshi, wakatoka Desemba 2020 bila kushitakiwa hata mara moja. Wazazi wa waliokimbia wametozwa faini au kufungwa. Huko Kongo, Mei 2024, mahakama ya kijeshi ya Goma iliwahukumu askari 8 kufa kwa kosa la kukimbia mbele ya adui. Julai wakahukumiwa wengine 25 katika Kivu ya Kaskazini. Na kati ya Kongo na sisi ni ziwa tu.

Mtu wa namna hii akibisha hodi, tufanyeje? Kwanza ale, alale. Tusimhoji mlangoni, wala tusipeleke habari zake Darajani kati ya wauza samaki, maana hapo hata siri ya asubuhi hufika Bububu kabla ya adhuhuri. Halafu tumwulize kama ameweka silaha chini kabisa, kwa kuwa anayebaki askari hawezi kupokewa kama mkimbizi. Kisha tumfikishe kwa padre, kwa mwanasheria, na kwa wanaohusika na wakimbizi, tukienda naye wenyewe. Tusiseme uongo kwa ajili yake, wala tusimkabidhi kwa waliomtishia kifo. Kama ameua raia au kuiba, hilo halifutwi kwa kutoroka. Atalijibu mbele ya hakimu wa haki. Na tusimsahau mama yake aliyebaki nyumbani na aibu.

Maswali ya kuzungumza kikundini: Kwa nini Torati ilimruhusu mwenye hofu arudi kwake? Je, Askofu Weston angefanya nini kama mmoja wa wapagazi wake angemwambia, "Baba, mimi siendi"? Na katika nyumba yetu, ni chumba gani ambacho mgeni angeweza kulala usiku wa leo?