Mafunzo Niliyopata Kuhusu Mitishamba na Seli Inayojisafisha

Kijana wa Iramba unayejiandaa kusomea famasia au baiolojia, najua tayari una mti wako kichwani. Pengine bibi yako ndiye aliyekuonyesha, nawe unataka kujua kilichomo ndani yake. Nimekuwa tabibu hapa Kiomboi hadi kustaafu, na haya ndiyo ningependa uondoke nayo.

1. Ijue kazi ya seli kabla hujachuna gome

Habari za autofajia, yaani seli kujisafisha, nilizisikia redioni mwaka 2016, Yoshinori Ohsumi wa Japani alipopewa Tuzo ya Nobeli. Kilichonishangaza ni kwamba aliichunguza kwenye hamira, jamii ileile tunayoumulia maandazi. Aliinyima chakula, akaona kwa hadubini vifuko vikijaa ndani yake. Seli yenye njaa hufunga protini zilizochakaa na vipande vyake vibovu katika vifuko, ikavipeleka kwenye lisosomu, humo vikavunjwavunjwa na malighafi ikatumika upya. Seli zetu nazo hufanya hivyo. Kazi hii ikilegea, mabaki hurundikana, na hali hiyo imehusishwa na magonjwa kama Parkinson. Lakini seli ya saratani pia huweza kuitumia ili iokoke. Ndiyo maana haitoshi kusema mti fulani unaongeza autofajia. Katika seli ipi? Kwa ugonjwa upi?

2. Vifuko vingi si ushahidi wa kazi nyingi

Waliougua malaria enzi zangu wanaikumbuka klorokwini: uchungu wake mdomoni, na kuwashwa mwili mzima usiku. Niliigawa hadi serikali ilipoiondoa kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001. Ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1934, katika ukoo wa dawa zilizoigwa kwenye kwinini, na kwinini hutoka kwenye gome la mti.

Miaka mingi baadaye nikasoma kwamba vidonge vilevile sasa ni chombo cha watafiti wa autofajia. Klorokwini hujikusanya ndani ya lisosomu na kuipunguzia asidi, hivyo vifuko vinafika lakini havimalizwi. Ukitazama kwa hadubini utaviona vimejaa tele. Ni kama mifuko ya taka mlangoni: huenda watu wamefagia sana, huenda gari la taka halijapita. Mtafiti makini hupima akiwa na kizuizi kama klorokwini na bila hicho, kisha hulinganisha. Ukisoma andiko linalosifu mmea wowote, tafuta kwanza kipimo hicho. Usipokikuta, usilijengee hoja yako.

Kwa sababu ya kuzuia huko, klorokwini na ndugu yake hidroksiklorokwini zimejaribiwa pamoja na dawa za saratani. Matokeo kwa wagonjwa hadi sasa yanatofautiana.

3. Kilichotokea kwenye sahani ya maabara bado hakijafika kwenye damu

Manjano ni mfano mzuri. Kurkumini yake imeamsha autofajia katika seli nyingi zilizooteshwa maabara, lakini ukiila, kiasi kidogo mno hufika kwenye damu.

4. Sikiliza sifa ya mmea, kisha pima zaidi ya sifa hiyo

Nilimwona mtoto mwenye taya lililovimba, uvimbe wa Burkitt, ule ulioelezwa na daktari Denis Burkitt nchini Uganda mwaka 1958. Tulimpa rufaa. Aliporudi, taya lilikuwa limenywea, na miongoni mwa dawa zake ilikuwamo vinkristini. Dawa hiyo hutoka kwenye ua dogo la Madagaska ambalo watu hulipanda uani kwa urembo tu.

Huko Kanada, Robert Noble na Charles Beer walilichunguza ua hilo kwa sababu lilisifika kutibu kisukari. Sukari haikushuka. Chembe nyeupe za damu za wanyama ndizo zilizopungua, nao wakaifuata dalili hiyo hadi wakapata vinblastini, ndugu ya vinkristini. Dawa hizi huvunja nyuzi ambazo seli huzihitaji ili igawanyike. Nyuzi hizohizo ndizo njia ya vifuko kwenda kwenye lisosomu, kwa hiyo autofajia nayo hukwama.

Muhimbili kuna taasisi ya tiba asili iliyoanza mwaka 1974 kama kitengo cha utafiti. Utakapopeleka mti wako huko, uende na tawi lenye majani na maua, maelezo ya sehemu inayotumika, msimu wa kuichuma, na kama inachemshwa au inalowekwa. Jina la mzee aliyekuonyesha liandike pia, kwa ruhusa yake.