Ufito Ufaao Vijito vya Mlimani

Watu wengi hudhani kwamba ufito mrefu ndio humpa mvuvi samaki wengi. Sivyo katika vijito vya Mlima Kenya na Nyandarua, wanamoishi trauti walioletwa mwanzoni mwa karne ya 20. Huko kijito ni chembamba na matawi huinamia maji. Ufito wa futi 9 hunasa upesi. Mimi napenda wa futi 7, mwepesi, upindikao mpaka karibu na mkono. Chambo cha manyoya, mfano wa mdudu, hakina uzito. Mshipi ndio unaokirusha, kwa kuupinda ufito. Tena ulaini huo hupunguza mshtuko samaki avutapo, uzi mwembamba usikatike. Basi, msomaji, tazama kwanza kijito, ndipo uchague ufito.