Taka za hospitali: Zipime kwanza, ndipo uzitupe

MDHARAU mwiba mguu huota tende, walisema wahenga. Mwiba wa siku hizi, mpenzi msomaji, si ule wa porini peke yake. Ni sindano iliyotumiwa hospitalini, ikatiwa pipani pamoja na maganda ya ndizi, ikapakiwa katika lori na kumwagwa jaani, mahali ambapo kuna mtu anayechakura plastiki na vyuma vikuukuu ili auze apate unga wa siku.

Juma hili tuangalie taka ngumu za hospitali: ni nyingi kiasi gani, zina hatari gani na zishughulikiwe vipi. Nitatolea mfano miji ya Kitale na Bungoma. Kila mmoja una hospitali kubwa za umma, na kandokando yake zahanati za kibinafsi, maabara na maduka ya dawa. Isitoshe, maeneo ya miji hii miwili yamo katika bonde la mto Nzoia, ambao huteremka hadi Ziwa Victoria huko Budalang'i. Kwa hivyo kinachotupwa ovyo huku juu hakibaki huku juu. Mvua ikinyesha hukizoa na kukipeleka kwa wanaochota maji chini.

Si taka zote zilizo na sumu

Watu wengi hudhani kila kitokacho hospitalini ni hatari. Sivyo. Shirika la Afya Duniani (WHO) hukadiria kwamba katika kila kilo 100 za taka za hospitali, kilo 85 hivi ni taka za kawaida: mabaki ya chakula, karatasi, maboksi, majani ya uani. Kilo 15 zilizosalia ndizo zenye madhara. Humo mna sindano na nyembe, bendeji na pamba zenye damu, vyombo vya maabara, viungo vilivyokatwa, kondo la nyuma, dawa zilizoharibika na kemikali.

Sindano ndiyo mbaya zaidi. Mtu akidungwa mara moja na sindano iliyotoka kwa mgonjwa mwenye virusi, hatari ya kuambukizwa hepatitisi B ni kama 30 kwa 100. Kwa hepatitisi C ni karibu 2 kwa 100, na kwa virusi vya ukimwi ni 3 kwa 1,000. Virusi vya hepatitisi B huweza kuishi nje ya mwili kwa muda wa siku 7 au zaidi. Wanaodungwa hasa ni wauguzi, wafagiaji wa wodi, wapakiaji wa lori na watoto wanaozurura majaani.

Jinsi ya kupima

Huwezi kusimamia usichokijua kiasi chake. Hospitali isiyopima taka zake haiwezi kujua inahitaji mifuko mingapi, shimo la ukubwa gani au mafuta kiasi gani ya kuchomea.

Kazi yenyewe haihitaji mitambo ya gharama kubwa. Mizani ya kuning'iniza, daftari na mtu mmoja mwaminifu vyatosha. Kwa siku 7 mfululizo, kila mfuko unaotoka wodini hupimwa na kuandikwa: wodi gani, rangi gani, kilo ngapi. Siku 7 ni muhimu kwa sababu siku ya kliniki au ya upasuaji hailingani na Jumapili.

Chukua mfano wa kubuni tu. Hospitali ina wagonjwa 80 waliolazwa, na kwa siku 7 imepata kilo 448. Gawa kwa 7, upate kilo 64 kwa siku. Gawa tena kwa 80, upate gramu 800 kwa kila mgonjwa kwa siku. Iwapo taka hatari ni 15 kwa 100, basi ni kilo 9.6 tu kwa siku zinazohitaji kuharibiwa kwa uangalifu.

Lakini sindano na damu zikichanganywa na maganda na karatasi, kilo zote 64 huwa taka hatari. Hospitali imejiongezea mzigo zaidi ya mara sita kwa kukosa kutumia mapipa mawili! WHO hukadiria kwamba nchi maskini hutoa wastani wa kilo 0.2 za taka hatari kwa kila kitanda kwa siku. Hata hivyo, shirika hilo huonya kwamba taka huko aghalabu hazitenganishwi, na hivyo kiasi halisi huwa kikubwa zaidi.

Kutenganisha na kuharibu

Hapa Kenya rangi hutumika. Mfuko mweusi ni wa taka za kawaida, wa manjano ni wa taka zenye viini vya maradhi, na mwekundu ni wa zile za hatari kubwa zaidi. Sindano huwekwa katika sanduku gumu lisilotoboka, nalo hufungwa likijaa robo tatu. Ni marufuku kurudisha kifuniko kwenye sindano iliyotumika, maana hapo ndipo wengi hujichoma.

Kutenganisha hufanywa palepale taka inapotoka, kando ya kitanda. Kumwambia mfagiaji achambue baadaye ni kumtia hatarini.

Tanuri la kuchomea lafaa lifikie joto la digrii 850 hadi 1,100. Moto wa shimoni haufiki hapo. Plastiki ikiungua kwa joto la chini hutoa dayoksini, sumu inayoweza kuleta kansa, nao moshi huo huingia katika nyumba za jirani. Njia nyingine ni kuua viini kwa mvuke wa joto, kisha kusaga na kuzika. Kondo la nyuma hutiwa katika shimo lenye kuta imara na mfuniko wa saruji, mbali na visima.

Sheria zipo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 42, humpa kila mtu haki ya mazingira safi. Kanuni za taka za mwaka 2006 humtaka anayesafirisha taka awe na leseni ya NEMA, nayo sheria ya mwaka 2022 humtaka kila anayezalisha taka azitenganishe. Tangu 2013 hospitali nyingi za umma na uzoaji wa taka mijini viko chini ya serikali za kaunti, kwa hivyo mlango wa kubisha unajulikana.

Nawe nyumbani

Ikiwa kuna mgonjwa wa kisukari anayejidunga insulini, usitupe sindano katika pipa la jikoni. Zitie katika mtungi mgumu wa plastiki wenye kifuniko na uupeleke kliniki. Dawa zilizopitwa na wakati usizimwage chooni. Muulize mwuza dawa kama atazipokea.

Ukidungwa, usikamue wala kunyonya jeraha. Osha kwa maji na sabuni, kisha nenda hospitali upesi, siku hiyohiyo. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi huanzwa kabla ya saa 72 kupita, na humezwa kwa siku 28. Uliza pia kuhusu chanjo ya hepatitisi B. Kila mfanyakazi wa usafi hospitalini anastahili kuipata kabla hajapewa ufagio.

Na ukihudhuria kikao cha bajeti ya kaunti, iwe Kitale au Bungoma, simama uulize swali moja: hospitali yetu hutoa kilo ngapi za taka kwa siku, nazo huishia wapi? Mkubwa akikosa jibu, utakuwa umejua kwamba mizani haijanunuliwa.