Majani ya viazi yanaungua
*Mtaalamu, tunaishi milimani Masisi. Tangu mvua za Oktoba, majani ya viazi nyuma ya nyumba yanakuwa meusi, kama yamemwagiwa maji ya moto. Mama mkwe anasema jirani ametuloga, na watoto wamekatazwa kwenda kwake. Nifanye nini?*
*Mama Watoto, Masisi*

Pole, Mama. Jirani hana kosa. Huo ni mildiu, ugonjwa unaopenda baridi na mvua za mfululizo. Geuza jani asubuhi mapema: utando mweupe ukingoni mwa baka ndio ushahidi. Upepo huusambaza, kwa hiyo huenda viazi vya jirani navyo vinaungua. Mpeleke mama mkwe akajionee.

Siku isiyo na mvua, kata mashina yaliyoshikwa, uyafukie mbali na bustani, kisha pandishia matuta udongo ili viazi visiwe wazi. Ikiwa karibu yote yameungua, kata mashina yote na ungoje wiki mbili kabla ya kuchimba, ngozi ikomae. Usiweke mbegu kutoka humo, hata vikionekana vizima. Mwezi wa pili panda maharagi hapo. Nyanya hapana, nayo hushikwa na mildiu.

Dawa ya kupulizia hasa hukinga, haifufui jani lililokufa. Kabla ya kununua chupa isiyo na maandishi sokoni, mpelekee agronomu wa eneo lenu jani bichi lenye baka.