NUKTA ZA MOTO: Kuunga seli za betri kwa kanda za nikeli



Ulipokuwa darasa la kisomo ulifundishwa nukta. Ni alama ndogo, lakini ukiisahau maneno yanagongana na msomaji anapotea. Somo letu la leo nalo linahusu nukta, ila hizi ni nukta za moto. Zinapigwa juu ya seli za betri, na kila moja ni kama kichwa cha pini tu.

Siku hizi mafundi wengi wanakusanya seli kutoka kwenye kompyuta mbovu za mkononi. Wanaziunga pamoja na kupata betri ya taa, ya redio, au ya kuweka umeme wa sola. Ni kazi nzuri, na seli iliyokuwa inakwenda jalalani inawasha taa. Lakini betri hiyo hiyo ikiungwa vibaya inaweza kuchoma nyumba.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Nilikuwa na seli 3 na vipande vya waya. Nikasema, mbona redio nazilehemu kila siku? Nikapasha moto chuma cha kulehemea, nikakikandamiza kwenye kitako cha seli. Risasi haikukamata. Nikakandamiza tena, nikahesabu mpaka ishirini. Ikakamata, nami nikafurahi. Jioni naichaji pale ukumbini, juu ya mkeka, seli ya katikati ikaanza kulia sss, kama sufuria inayotaka kuchemka. Ukatoka moshi mweupe wenye harufu tamu-tamu. Mke wangu akapiga kelele, "Baba Neema, itoe nje!" Nikaisukuma mpaka uani kwa jembe. Mkeka ulitoboka tundu la ukubwa wa sahani. Upande wa pili wa mkeka ule walikuwa wamelala watoto wawili.

Kwa nini ilitokea hivyo?

Tuitazame seli yenyewe. Ni ya mviringo, imezidi kidogo ile betri ndogo ya redio. Wewe unajua kusoma tarakimu, basi soma jina lake: 18650. Tarakimu 18 ni upana wake, milimeta 18. Tarakimu 65 ni urefu wake, milimeta 65. Sifuri ya mwisho maana yake ni ya mviringo. Upande mmoja una kichwa, huo ni chanya (+). Upande wa pili ni kitako, huo ni hasi (–). Nguvu yake inaandikwa volti 3.6 au 3.7. Ikijaa kabisa inafika volti 4.2, na isipite hapo. Ikiisha isishuke chini ya volti 2.5.

Seli hizi zina madini ya lithiamu. Kampuni ya Sony ya Japani ndiyo iliyoanza kuziuza seli za lithiamu za namna hii, mwaka 1991. Ndani yake kuna karatasi mbili ndefu za madini zilizokunjwa pamoja, kama unavyokunja mkeka. Katikati ya karatasi hizo kuna plastiki nyembamba mno ya kuzitenganisha, na zimeloweshwa kwa majimaji yanayoshika moto. Sasa angalia hesabu. Plastiki ile inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 130 hivi. Chuma cha kulehemea kina nyuzi 300 mpaka 400. Ukikikandamiza kwenye seli kwa muda wa kuhesabu mpaka ishirini, joto linapenya ndani na kuiharibu plastiki. Karatasi mbili zikigusana, nguvu yote ya seli inageuka joto kwa mara moja. Seli inafoka. Huenda isifoke siku ile unayoilehemu, ikangoja siku unaichaji.

Dawa yake ni moto mkali wa muda mfupi kabisa. Fundi anakata ukanda mwembamba wa nikeli, anaulaza juu ya kitako cha seli. Anachukua sindano mbili nene za shaba zilizofungwa kwenye mashine, anazikandamiza juu ya ukanda, zikiachana milimeta chache. Mashine inapiga umeme. Umeme unashuka kwenye sindano moja, unapita kwenye ukanda na kwenye bati la kitako, unapanda kwa sindano ya pili. Hauingii ndani ya seli. Pale chini ya sindano, nikeli na bati vinashikana, na zinabaki nukta mbili.

Umeme huo ni mwingi kiasi gani? Taa ya wati 5 kwenye betri ya volti 12 inatumia chini ya nusu ampea (gawa 5 kwa 12). Mashine hii inapiga ampea mia kadhaa, nyingine hata zaidi ya 1000. Lakini chukua sekunde moja uigawe mafungu 100: umeme unapita kwa fungu moja tu, au mawili. Hata jicho halijafumba. Ukigusa seli mara ile, utaikuta ya baridi.

Ufundi huu si mpya. Aliyeuvumbua ni Elihu Thomson, mzaliwa wa Uingereza aliyekulia Marekani, na alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1886. Ukitaka kuziona nukta za namna hii, ngoja gari la bati lisimame kijijini, mwombe dereva ruhusa, uchungulie chini ya mpira wa mlango. Utaona vishimo vya mviringo vimepangwa kama mishono ya cherehani. Hapo ndipo mabati mawili yalipounganishwa.

Nikeli ya kweli na ya uongo

Mtu atauliza, kwa nini tusitumie shaba? Shaba inapitisha umeme vizuri kupita nikeli, karibu mara nne. Hapo ndipo tatizo lilipo. Umeme unapita bila shida, joto halikai mahali pamoja, na nukta haishiki. Nikeli inauzuia umeme kidogo, kwa hiyo inapata moto pale pale panapotakiwa. Tena haishiki kutu upesi. (Madini haya yapo hata ardhini kwetu Tanzania, pale Kabanga, wilaya ya Ngara. Ukanda wa dukani, hata hivyo, unatoka ng'ambo.)

Angalia usiuziwe chuma kilichopakwa nikeli. Vyote viwili vinang'aa sawa sawa. Usidanganyike kwa sumaku, maana nikeli nayo inavutwa na sumaku kama chuma. Fanya hivi: kwaruza kipande kwa tupa mpaka ngozi ya juu itoke, kitie kwenye kikombe cha maji ya chumvi, kiache usiku kucha au siku mbili. Kikitoa kutu ya kahawia ni chuma. Chuma kinazuia umeme zaidi, kwa hiyo betri ikifanya kazi kubwa ukanda unapata moto, na kutu inakuja kuula baadaye. Unene wanaotumia wengi ni milimeta 0.15. Ukiwa mnene zaidi, mashine ndogo inashindwa kuuchoma.

Kichwa cha seli ndicho cha kuogopwa

Hapa nakuomba usome pole pole, hata mara mbili. Watu wanadhani kichwa chote cha seli ni chanya na mwili ni plastiki. Sivyo. Kopo zima la seli ni hasi, kuanzia kitakoni, mbavuni, mpaka kwenye bega linalozunguka kichwa. Chanya ni kile kifungo cha katikati peke yake. Kati ya kifungo na bega hapafiki hata upana wa punje ya mtama. Kinachozuia ni ngozi ya plastiki iliyovikwa seli, nyembamba kama ya ubuyu wa dukani.

Sasa wewe unalaza ukanda wa nikeli juu ya kifungo, unavuka bega kwenda seli ya pili. Ukanda ukiikata ile ngozi ya plastiki, leo au baada ya miezi sita ya kutikisika kwenye baiskeli, chanya na hasi vimekutana. Basi, moto. Ndiyo maana kabla ya kuchomelea, kila kichwa kinavikwa pete ya karatasi ngumu ya kuzuia umeme. Pete hizo zinauzwa zikiwa na gundi, na bei yake ni ndogo. Seli iliyochanika ngozi ivalishwe mpya. Fundi akikuambia pete si lazima, mpe mkono wa kwaheri, chukua seli zako uende zako.

Kupiga nukta

Tumia seli za aina moja zenye volti sawa. Pima kila moja. Iliyoshuka chini ya volti 2 usijaribu kuifufua. Zilizobaki zichaji, ziache wiki mbili, zipime tena. Ile iliyoshuka kuliko wenzake itoe.

Vua pete na bangili. Vaa miwani, maana cheche zinaruka. Fanyia kazi juu ya ubao mkavu, si juu ya bati. Futa mafuta kwenye ukanda. Wajuzi wanaupasua ukanda katikati kidogo, mahali zitakaposimama sindano mbili, mpasuko upite kati yake. Hapo umeme unakosa njia ya mkato juu ya ukanda, unalazimika kushuka kwenye bati.

Usianze na seli nzima. Anza na iliyokufa na kuisha umeme kabisa. Piga nukta mbili, kisha shika ukanda kwa koleo uung'oe. Ukitoka wote msafi, nukta haikushika: ongeza muda kidogo, au kandamiza zaidi. Ukichanika na kuacha vipande vya nikeli vimeng'ang'ania kwenye bati, hiyo ndiyo nukta. Bati likitoboka au likiwa jeusi umezidisha. Jaribu mpaka upate, ndipo ushike seli nzima. Nukta nne mpaka sita kila upande zinatosha.

Seli 3 zikipangwa kichwa kwa kitako, kama unavyozitia kwenye tochi, zinatoa volti 11.1, na zikijaa 12.6. Zifunge na kibao cha ulinzi, kile kidogo cha kijani kinachokata umeme seli ikijaa au ikiisha. Nacho kiwe cha seli 3. Usiunge paneli ya sola moja kwa moja kwenye betri hii. Paneli wanayoiita ya volti 12 inatoa 18, hata 21 jua likiwa kali.

Na mashine je? Zipo ndogo zinazokula umeme wa betri ya gari na kuhesabu muda zenyewe. Kikundi cha mafundi wanaweza kuchanga wakanunua moja. Usijaribu kugusisha nyaya za betri ya gari kwa mkono. Mkono hauwezi kuhesabu fungu moja la mia la sekunde, na betri ya gari ikichajiwa inatoa hewa inayolipuka kwa cheche. Wengine wanatengeneza mashine kwa transfoma ya jiko la umeme la kupashia chakula, yale ya mjini. Ndani ya jiko lile mna umeme wa volti 2000 na zaidi, na mna kapasita inayouhifadhi hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Inaua. Mimi sitakufundisha njia hiyo.

Ikitokea seli inafoka, ondoa watu kwanza. Moshi wake ni sumu. Mchanga unazuia miali kidogo, lakini joto linabaki ndani na seli ya jirani inafuata. Kama unaweza kuimwagia maji mengi ukiwa mbali, mwaga, na uendelee mpaka ipoe.

Betri yangu ya pili nilikwenda kuipigia nukta kwa fundi mwenye mashine. Nilikaa naye, pete nikazihesabu moja moja. Siku ya kwanza niliichaji uani mchana, juu ya jiwe, mbali na paa la nyasi. Kila nusu saa niligusa seli zote kwa kiganja, nikitafuta iliyo ya moto kuliko wenzake. Haikuwapo. Hata hivyo, usiku ule niliilaza pale pale juu ya jiwe.