Kuhamisha Picha kutoka Mashine ya Video hadi Kompyuta

Somo letu la mwezi huu ni la mikono zaidi kuliko la kichwa. Katika baadhi ya nyumba zetu, na katika stoo za makanisa, ipo mashine ya kurekodi video iliyoletwa na ndugu kutoka ng'ambo katika miaka ya 2000: ile pana, yenye mlango wa DVD mbele na diski ngumu ndani. Kanda za kamera zilinakiliwa humo, kisha kanda zenyewe zikaoza, au zikarekodiwa mambo mengine juu yake. Basi kwaya za wakati ule, harusi, na sauti za wazee ambao tumekwisha kuwazika hazipo tena mahali pengine po pote. Siku mashine ikifa, nazo zimekwenda.

Diski hiyo ina mabamba yanayozunguka mara elfu kadhaa kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake bila kuyagusa. Kitu cha namna hiyo huchakaa. Ukisikia inagonga-gonga, izime, usiendelee kuijaribu.

Wengi hufikiri njia fupi ni kufungua skrubu, kuitoa diski na kuichomeka kwenye kompyuta. Hapa ndipo hatari ilipo. Watengenezaji wengi walizipanga picha kwa mpango wao wenyewe ambao kompyuta haiujui. Ni kama maktaba ambayo mtunzaji wake amepanga vitabu kwa hesabu iliyomo kichwani mwake: vitabu vipo, lakini bila yeye hupati hata kimoja. Kompyuta, isipoelewa, huuliza kama ifomati diski. Jibu ni hapana, hata kama fundi aliyesimama kando yako ana haraka. Tena katika baadhi ya mashine picha zimefungwa kwa ufunguo wa mashine ile ile, hata mwenzake wa aina moja hawezi kuzifungua. Kwa hiyo mashine ikiwa ingali hai, tuiombe yenyewe itutolee.

Njia ya kwanza ni kupitia DVD. Tia diski tupu ya DVD-R, na kama mashine inakuuliza, chagua mtindo wa Video, si VR. Katika orodha ya kunakili chagua vipindi, kisha nakala ya mwendo wa kasi, ambayo haipunguzi ubora wa picha. Diski ya kawaida huchukua gigabaiti 4.7, yaani kama saa mbili kwa kipimo cha SP. Halafu sharti uifunge diski kwa amri iitwayo “Finalize”. Diski isiyofungwa, kompyuta huweza kuiona kama tupu, na mtu akaitupa. Usianze kuifunga siku umeme unapokatika-katika.

Kompyuta nyingi za siku hizi hazina mlango wa DVD, lakini wa nje wa kuchomeka kwa USB hupatikana madukani. Ndani ya diski utakuta folda ya VIDEO_TS. Nakili folda nzima, maana kipindi kirefu hukatwa vipande visivyozidi gigabaiti 1 kila kimoja, na anayechukua kipande cha kwanza tu ataona bibi harusi akiingia kanisani asimwone akitoka. Programu ya VLC huvicheza vipande hivyo, na HandBrake huviunganisha kuwa faili moja. Zote mbili ni za bure.

Mlango wa DVD ukiwa umekufa, iko njia ya waya tatu: wa manjano ni picha, mweupe na mwekundu ni sauti. Huingia katika kifaa kidogo cha kunasia picha, nacho huchomekwa kwenye USB. Njia hii haina haraka: saa tatu za picha ni saa tatu za kungoja. Mashine ikitoka Japani au Marekani, iambie programu ya kunasia kuwa picha ni ya NTSC; ya Uingereza ni PAL kama zetu. Ukikosea, picha hukosa rangi au huruka-ruka. Nasa dakika tano kwanza, uangalie kama midomo inakwenda na sauti.

Kwa nafasi, hesabu gigabaiti 2.35 kwa kila saa. Saa 20 ni gigabaiti 47. Flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 hukataa faili inayozidi gigabaiti 4. Iwe ya exFAT, na ifomatiwe ikiwa bado tupu.

Liko jambo ambalo mafundi hawalitaji, nasi walimu wa zamani tunaliona kubwa kuliko waya zote. Faili iitwayo VTS_01_1 haimwambii mjukuu lo lote. Kaa na wazee wa kwaya mbele ya kompyuta, simamisha picha, uulize: huyu wa safu ya nyuma ni nani? Andika majina kutoka kushoto kwenda kulia, mahali, na mwaka. Wanaoweza kuyataja majina hayo wanapungua upesi kuliko diski zinavyochakaa, kwa hiyo kazi hii isingoje picha zote zimalizike kuhamishwa.

Mashine yenyewe isifutwe cho chote mpaka nakala imetazamwa mwanzo hadi mwisho, na nakala ya pili imewekwa katika nyumba nyingine.