SOMO: Huruma hufikia mzizi wa hasira

Leo tujifunze juu ya hasira: inatoka wapi, na huruma inaweza kuifanyia nini.

Mwaka 2023 nilikuwa nikitembelea kambi ya Bulengo, magharibi ya Goma. Siku moja niliitwa kwa baba mmoja aliyekimbia Kitshanga mwezi wa Januari mwaka ule. Alikuwa amempiga mtoto wake vibaya kwa sababu mtoto alipasua bidoni ya maji. Majirani walitaka afukuzwe. Yeye alipiga kelele: "Mtoto huyu hana adabu!"

Mzee mmoja wa komite ya kambi aliagiza kwanza mtoto apelekwe kutibiwa, kisha alale kwa shangazi yake. Akawaomba watu waondoke, akaketi chini karibu na yule baba. Hakumhubiria. Alimwuliza tu: "Mwanangu, bidoni ile ilitoka wapi?"

Baba akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema: "Mzee, ilikuwa ya mama yangu. Siku ya kukimbia hakuweza kutembea. Nilimwambia nitarudi kumchukua. Sikurudi. Na mtoto huyu kila jioni ananiuliza: Nyanya atakuja lini?"

Hapo tukaelewa. Hasira ilionekana ni ya bidoni, lakini mzizi wake ulikuwa aibu na uchungu ambao hakuwahi kumwambia mtu.

Sisi wakulima tunajua jambo hili. Ukikata majani mabaya kwa panga, mvua moja tu na yamerudi. Ukitaka yaishe, unachimba kwa jembe, polepole. Matusi na adhabu ni panga. Mtu anayehukumiwa anajitetea, na anayejitetea hawezi kujitazama. Lakini akiona kwamba hadharauliwi, anapata nguvu ya kusema lile analoliogopa.

Lakini tusikosee: huruma si kusema kosa si kosa. Yule baba alimwomba mtoto wake msamaha mbele ya mzee. Tena haikuisha siku moja. Mzee alirudi kwake mara nyingi.

Kambi za pembeni ya Goma zilivunjwa Februari 2025, baada ya vita kuingia mjini. Wengi walirudi vijijini au walienda kwa jamaa, na uchungu wao wakaenda nao. Hasira ambayo mwenyewe hajui mzizi wake hutafuta mtu wa kubeba lawama: leo mtoto, kesho mke, kesho kutwa jirani wa kabila lingine. Wanaotafuta vijana wa kushika silaha wanaijua sana hasira hiyo.

Basi, kiongozi au mzazi, ukikutana na mwenye hasira:

1. Linda kwanza aliyeumizwa, zaidi sana mtoto.
2. Zungumza naye pembeni, si mbele ya watu.
3. Uliza juu ya alichopoteza, kisha nyamaza usikilize.
4. Usimlazimishe kusema, na siri yake usiitoe nje.
5. Akiisha kutulia, mzungumze namna ya kutengeneza alichoharibu.
6. Ukiona mzigo unakushinda, mpeleke kwa muuguzi au mshauri wa afya ya akili.

Na wewe mwenyewe, hasira ikipanda, jiulize kwa upole kama mzee yule: "Hii inatoka wapi?"

Maswali ya kuzungumza pamoja
- Ni jambo gani dogo linalokukasirisha kuliko linavyostahili? Linakukumbusha nini?
- Nani alikusikiliza bila kukuhukumu? Ilibadilisha nini?
- Katika kijiji chetu, ni nani anayeitwa "mkali" ambaye hakuna aliyewahi kumwuliza alipoteza nini?

Chagueni mtu mmoja wiki hii, mkaketi naye.